Cheti cha Maktaba ya Cwm Erfin

Programu haijui mvua.
Inauliza tu: jengo la aina gani?
Nachagua Maktaba, nabofya, naendelea.

Mita za mraba mia sita na kumi na mbili.
Nimezipima kwa leza, chumba kwa chumba,
Idwal Parri akinishikia milango,
funguo zikimlia kiunoni
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Gesi: bili kumi na mbili, moja ina doa la chai.
Umeme: nimepiga magoti chini ya ngazi, tochi mdomoni,
nikaisoma mita pamoja na buibui wake.
Paneli za jua: hakuna.
(Idwal alilicheka swali hilo hadi akakohoa.)

Kisha kile kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
kikaleta herufi.
G. Nyekundu, mkiani kabisa,
na pembeni yake 163.

Karatasi hii hubandikwa penye macho ya watu.
Na baraza la wilaya lina orodha
ya majengo "yatakayotazamwa upya".
Huku milimani kila mtu anajua kutazamwa upya ni nini:
ni mbao madirishani.

Idwal akaikazia macho ile herufi
jinsi anavyolikazia bomba linalovuja.
"Inasema tunakula sana."
"Inasema mnakula kuliko maktaba wenzenu."
"Na wenzetu hufungua saa ngapi?"

Programu ilikuwa nayo hiyo.
Kisanduku kidogo, ukurasa wa tatu:
saa za matumizi kwa wiki.
Mimi hukijaza kwa kutazama kibao cha mlangoni.
Saa nne asubuhi hadi kumi na moja jioni, siku tano.
Thelathini na tano. Nikasonga mbele.

Akaufunga mlango wa chumba cha boila.
Chini ya debe la rangi akatoa daftari la shule,
jalada limejikunja, penseli tupu,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika juu ya mawe:

*Jumatatu, kumi na mbili na robo alfajiri. Bi Morfudd, na soksi za kukausha.*
*Jumanne. Watoto wawili wa Treharne. Hesabu za sehemu.*
*Jumatano usiku. Mtu asiyetaja jina.*
*Kalala penye vitabu vya bustani. Sikumwamsha.*

Novemba yote. Januari yote.
Nilijumlisha mara mbili:
saa sabini na moja kwa wiki.

"Ruhusa sikuomba," akasema.
"Ufunguo wangu. Gesi si yangu."

Programu haikatai.
Inataka tu ushahidi: kumbukumbu iliyoandikwa,
jina la mtunza jengo, sahihi.
Nikamweleza polepole, kwa sababu ni haki yake,
kwamba karatasi itakayolipandisha jengo
yaweza kumshusha yeye,
na amebakiza miezi minane astaafu.

Boila ikawaka nyuma yetu, ikatetemesha madebe.
Akaniomba kalamu.
Penseli, alisema, si ya mambo kama haya.

Sabini na moja.
Kiduara.
F. 131.

Bado ni herufi ya aibu, tusidanganyane.
Paa lile linavujisha joto kama kikapu
na madirisha ni ya zama za babu yake.
Lakini sasa ulikuwa ubovu wake halisi,
si wa kusingiziwa.

Yakaja mapendekezo, matatu, programu huyatoa yenyewe:
Funika dari kwa sufi ya madini.
Weka vidhibiti joto kwenye radieta.
Punguza saa za kupasha jengo joto.

Nikalifuta la tatu.
Haikuniacha nipite bure.
Kikafunguka kisanduku cheupe:
*Sababu ya kufuta?*

Nilifikiri lugha ya ofisi, nikaanza, nikaifuta nayo.
Nje, mtu alikuwa akigonga kioo kwa kucha,
kidogo, kama anayejua atafunguliwa.
Idwal alikwisha kunyanyuka.

Nikaandika: *Soksi za Bi Morfudd.*
Nikabofya.
Ikakubali.